Kifuniko kwanza, sanamu baadaye: mapambo ya rejeta kwenye magari ya kale

Mwanamke wa Rolls-Royce aliyeinama mbele, nguo zikimpepea mgongoni mithili ya mabawa. Nyota ya Mercedes-Benz iliyosimama wima juu ya boneti. Mnyama wa Jaguar aliyeruka akabaki hewani. Wengi huvihesabu vitu hivi kuwa nembo za kampuni na kuishia hapo. Nembo ni kweli, lakini nembo ingeweza kuchorwa mlangoni au kubandikwa nyuma karibu na namba za gari. Kwa nini ikae pale, kwenye ncha ya pua, penye upepo, vumbi na wezi?

Jibu halimo kwenye sanaa, limo kwenye maji. Pale juu palikuwa na tundu la kujazia rejeta, tundu lilihitaji kifuniko, na kifuniko kilikaa mbele ya macho ya dereva saa zote. Sanamu ilikuja kupanda juu ya kifuniko kilichokuwapo tayari. Ukishika hilo, mengi yanayowachanganya watu hufunguka: kwa nini mapambo haya yalishamiri kwa miaka 30 hivi tu, kwa nini yakatoweka karibu kwa pamoja, na kwa nini yaliyosalia leo si kitu kilekile hata yakifanana sura.

Gari lisilo na pampu ya maji

Magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na rejeta wazi. Hapakuwa na shoo, ule wavu wa mbele ya gari, ya kuificha. Rejeta yenyewe ndiyo iliyokuwa uso wa gari, na mpita njia aliweza kutambua aina ya gari kwa umbo lake. Fundi wa leo angeshangaa zaidi akifungua boneti, kwa sababu magari mengi hayakuwa na pampu ya maji. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kuvuka idadi ya milioni 15, iliyaacha maji yajisukume yenyewe, isipokuwa zile chache za mwanzo kabisa. Maji yakipata moto kwenye injini huwa mepesi, hupanda hadi kichwani mwa rejeta. Yakipoa humo huwa mazito, hushuka, kisha hurudi kwenye injini kwa chini. Ni mzunguko uleule unaouona kwenye sufuria ya maharage, punje zikipanda upande wenye moto mkali na kushuka upande wa pili.

Mfumo huo una raha yake: hauna kitu cha kuharibika. Lakini mzunguko ni wa polepole, na maji yakipungua hadi chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko hukatika kabisa. Tena rejeta za wakati ule hazikuzibwa ili kubana mgandamizo. Mvuke ulijitokea kwa mrija mdogo wa pembeni, kwa hiyo maji yalichemka kwa nyuzi zilezile ambazo yangechemkia jikoni. Pwani ni nyuzi 100 za Selsiasi. Kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi 1 kila unapopanda mita 300. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Limuru huchemka mapema zaidi. Kwa hiyo gari lilipata taabu mara mbili: mlima uliipasha injini moto, na mlima huohuo ulipunguza nyuzi zilizobaki kabla maji hayajaanza kutokota.

Dereva alisimama, akangoja, akafungua kifuniko, akamwaga maji, akaendelea na safari. Hii ilikuwa kazi ya kila siku, na kwenye safari ndefu ilikuwa ya mara kadhaa kwa siku. Ndiyo maana kifuniko kiliwekwa nje, juu kabisa, chenye masikio au mabawa ya kukamatia. Katika vitu vyote vya chuma vilivyokuwa kwenye gari, ukiondoa usukani na vitasa, hakuna kilichoguswa mara nyingi kama hicho.

Duara lenye mstari mwekundu

Tatizo kubwa la dereva huyo lilikuwa kukosa habari. Mshale wa joto kwenye dashibodi haukuwapo. Alijua injini imechemsha alipouona mvuke, na mvuke ukishaonekana umechelewa.

Mwaka 1912 Mmarekani Harrison Boyce alipata hataza ya kifaa kilichotegua kitendawili hicho kwa njia nyepesi kabisa. Kiliuzwa kwa jina la Boyce MotoMeter, na kampuni yake ilikuwa Long Island City, New York. Ni kipimajoto cha mrija wa kioo chenye kimiminika chekundu, kimewekwa ndani ya duara la chuma lenye vioo pande zote mbili. Duara husimama juu ya kifuniko cha rejeta, na ncha ya kipimajoto huning'inia ndani ya tundu. Dereva, akiwa amekaa kwenye kiti chake, aliuona mstari mwekundu ukipanda kupitia dirisha dogo katikati ya duara. Ukikaribia juu, apunguze mwendo au asimame.

Kuna ujanja mmoja ndani yake ambao mimi naona ndio uliokuwa akili hasa ya Boyce. Ncha ile haikuzama kwenye maji. Ilipima joto la hewa na mvuke ulio juu ya maji. Kipimo kinachotegemea kuzama hudanganya pale maji yanapopungua, kwa kuwa hubaki kinaning'inia pakavu. Hiki kilikuwa pakavu tangu mwanzo.

Upande wa mbele, ule wa kuonwa na watu, kampuni za magari ziliweka majina yao. Hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza ulipozaliwa. Leo ukiona picha ya gari la miaka ya 1910 au 1920 lenye duara lililosimama juu ya rejeta, usikimbilie kusema pambo. Mara nyingi ni chombo cha kazi. Wauzaji wa vitu vya kale mtandaoni huviweka vyote kapu moja na sanamu, na bei huchanganyika vilevile.

Hata hivyo MotoMeter ilifanya jambo ambalo muundaji wake hakuliuza. Iliwazoesha madereva kutazama ncha ya boneti kila dakika chache. Mahali panapotazamwa hivyo hapakosi wa kupapamba. Vikaja vifuniko vyenye mabawa ya kubeba kipimajoto, vikaja vyenye kufuli kwa sababu wezi walikuwa wakivichomoa magari yakiwa yameegeshwa, na baadaye watengenezaji wakaunganisha mambo mawili: sanamu yenye kipimajoto tumboni.

Bahati njema, paka na polisi

Sanamu zenyewe zilitangulia kipimajoto, lakini ziliingia kwa mlango mwingine: zilikuwa kinga ya safari. Anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza ni John Scott Montagu, mwanasiasa na mpenda magari wa Uingereza, aliyefunga sanamu ndogo ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, kwenye gari lake la Daimler mwishoni mwa miaka ya 1890. Kwa mtu aliyekuwa akiendesha chombo chenye breki dhaifu kwenye barabara iliyojaa farasi, kumweka mtakatifu mbele ilikuwa busara tu.

Baada ya hapo kila mtu akaweka chake. Kufikia 1910 maduka ya vifaa vya magari London na Paris yaliuza paka weusi, vyura, mashetani, polisi wa kuchekesha na wanawake wenye nguo chache. Hakuna kampuni ya gari iliyohusika. Mnunuzi alinunua gari, akaenda duka jingine, akanunua sanamu na kuikaza kwa skrubu. Ni muhimu kulikumbuka hili unapokutana na gari la kale lenye sanamu isiyofanana na aina ya gari: huenda hakuna kosa lolote. Sanamu ya mwenye gari na sanamu ya kampuni ni matawi mawili tofauti, na la kwanza ni la zamani zaidi.

La pili lilianza, kwa sehemu kubwa, kwa sababu ya aibu.

Claude Johnson, mkurugenzi aliyeiendesha Rolls-Royce kibiashara, hakufurahishwa na vikaragosi ambavyo matajiri walikuwa wakivifunga kwenye magari yake. Alimwendea mchongaji Charles Sykes amtengenezee sanamu moja rasmi itakayofaa heshima ya gari. Sykes alikuwa tayari na mbegu. Miaka michache nyuma alimchongea yuleyule Montagu, sasa akiwa Lord Montagu wa Beaulieu, sanamu ya msichana aliyeweka kidole midomoni, iliyoitwa Mnong'ono. Siri iliyokuwa ikinong'onwa ilijulikana na marafiki wote: Montagu, mtu mwenye mke, alikuwa na uhusiano na katibu wake, Eleanor Thornton, na Eleanor ndiye aliyekuwa kielelezo cha sanamu hiyo.

Sanamu ya Rolls-Royce, inayojulikana kama Roho wa Furaha Kuu, ilisajiliwa tarehe 6 Februari 1911. Wengi huamini kwamba mwili na uso wake ni wa Eleanor pia. Kama ni hivyo, hakuishi kuuona umaarufu wake. Tarehe 30 Desemba 1915 meli ya Persia, aliyokuwa akisafiri nayo pamoja na Montagu kuelekea India, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani kusini mwa kisiwa cha Krete. Eleanor alikufa maji, Montagu aliokolewa.

Henry Royce, injinia mwenyewe, anasemekana hakuipenda kabisa, akiona inamziba dereva. Kwa miaka ya mwanzo haikulazimishwa. Mteja aliiomba akitaka. Kila moja ilisubiwa kwa mkono na kusafishwa mojamoja, na Sykes aliisimamia kazi hiyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, ndiyo maana sanamu mbili za kipindi hicho ukizipanga pamoja hazilingani sawasawa. Mwaka 1934 likaja toleo la mwanamke aliyepiga magoti, kwa ajili ya magari yenye umbo la chini ambayo sanamu iliyosimama ilikuwa ikimsumbua dereva. Royce alikuwa ameshakufa mwaka uliotangulia, lakini hoja yake ilishinda nusu.

Ndege wa Guynemer, tembo wa Rembrandt

Kama ni lazima niseme ni wapi sanaa hii ilifika kileleni, nitasema Ufaransa kati ya 1919 na 1931, na sitabishana sana na anayetaja kwingine.

Chukua korongo wa Hispano-Suiza. Kampuni hiyo, iliyoanzia Barcelona na kuongozwa kiufundi na Mswisi Marc Birkigt, ilitengeneza injini za ndege za SPAD katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Rubani mashuhuri kuliko wote wa Ufaransa, Georges Guynemer, aliruka na ndege hizo katika kikosi kilichokuwa na korongo kama alama yake. Korongo ni ndege wa Alsace, jimbo ambalo Ufaransa ilinyang'anywa na Ujerumani mwaka 1871, kwa hiyo hata kabla ya vita alama hiyo ilikuwa na kilio ndani yake. Guynemer, mwenye ushindi 53 angani, hakurudi kutoka kwenye ruka yake ya tarehe 11 Septemba 1917 huko Ubelgiji. Vita ilipokwisha, Hispano-Suiza ilileta gari lake la H6 kwenye maonyesho ya Paris ya 1919, na juu ya rejeta alikuwako korongo aliyechongwa na François Bazin, shingo imenyooka mbele, mabawa yamerudi nyuma. Mteja wa Paris wa mwaka ule hakuhitaji kuelezwa.

Halafu kuna tembo. Ettore Bugatti alitengeneza gari aina ya 41, maarufu kama Royale, akikusudia liwe la wafalme: injini ya lita 12.7, urefu unaozidi mita 6. Hakuna mfalme aliyelinunua. Magari 6 ndiyo yaliyosalia duniani. Juu ya rejeta aliweka tembo aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mkonga juu. Tembo huyo alichongwa na mdogo wake, Rembrandt Bugatti, mchongaji wa wanyama aliyetumia miaka akikaa mbele ya vizimba vya bustani ya wanyama ya Antwerp. Rembrandt alijiua mwaka 1916. Kaka yake alipomsimamisha tembo yule juu ya gari kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaunda, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 10. Watu husema tembo hafai kwenye gari la mwendo kasi. Kama pambo la kibiashara, kweli hafai.

Na vioo. René Lalique alikuwa sonara aliyehamia kwenye kioo, na mwaka 1925, mwaka wa maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo mjini Paris, alitengeneza kifuniko cha rejeta cha kioo chenye farasi watano kwa ajili ya Citroën. Watano kwa sababu gari lilikuwa la nguvu ya farasi 5 katika hesabu ya kodi ya Ufaransa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa ametoa karibu miundo 30: jogoo, kereng'ende, kipanga, kimondo chenye mkia, na kile kinachotamaniwa kuliko vyote, kichwa cha mwanamke ambaye nywele zake zimevutwa na upepo hadi zikawa miali, kilichoitwa Ushindi. Vilikaa juu ya pete ya chuma, na chini yake iliweza kuwekwa balbu na kichujio cha rangi. Balbu ikiunganishwa na umeme wa gari, mwanga ulifuata mwendo wa injini: kichwa cha kioo kilififia gari likipunguza mwendo, kikawaka likichanganya.

Nani aliyeendesha gari na kioo cha Lalique juu ya maji yanayochemka, kwenye barabara ya kokoto? Wachache kuliko picha za matangazo zinavyotaka tuamini. Vingi viliuzwa pia kama vikandamizo vya karatasi mezani, na hivyo ndivyo vilivyopona.

Marekani: wingi na zinki

Huko Marekani hadithi ni ya viwanda zaidi kuliko ya wachongaji, ingawa wachongaji walikuwapo. Lincoln ilipata mbwa mwembamba wa kukimbia katika miaka ya 1920 kwa matakwa ya Edsel Ford, na mbwa huyo alitengenezwa na kampuni ya vyombo vya fedha ya Gorham. Stutz iliweka kichwa cha Ra, mungu jua wa Misri, mwaka 1926, miaka minne baada ya kaburi la Tutankhamun kufunguliwa na dunia nzima kushikwa na homa ya Misri. Plymouth ilibeba meli ya Mayflower. Dodge ilimpata kondoo dume mwaka 1932 kwa mkono wa Avard Fairbanks, na kondoo huyo ndiye pekee aliyepanda cheo badala ya kustaafu, kwani sasa pikapu nzima huitwa kwa jina lake, Ram.

Magari ya biashara nayo hayakuachwa. Malori ya Mack yalipata mbwa wa bulldog wa Alfred Masury mwaka 1932. Guy Motors ya Wolverhampton, Uingereza, ambayo mabasi yake yaliwahi kubeba abiria wa Nairobi, iliweka kichwa cha chifu wa Wahindi Wekundu mwenye taji la manyoya.

Kilichotofautisha Marekani ni malighafi. Bronzi na shaba husubiwa kwa kalibu ya nta: unatengeneza sanamu kwa nta, unaizungushia udongo, unaiyeyusha nta itoke, kisha unamimina chuma kwenye nafasi iliyobaki. Kila sanamu huua kalibu yake. Kiwanda kinachotoa magari laki moja kwa mwaka hakina subira hiyo. Kikaingia kwenye mchanganyiko wa zinki, unaoyeyuka kwa joto dogo na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma itumikayo maelfu ya mara, kisha ukachovywa nikeli au, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kromu. Ni rahisi na hung'aa. Lakini zinki ya miaka ile mara nyingi ilikuwa na uchafu wa risasi, na uchafu huo huila kutoka ndani: baada ya miaka kadhaa sanamu huvimba, hupasuka nyufa, hata humeguka mkononi. Ukikuta pambo la Marekani la miaka ya 1920 lenye vipele chini ya kromu, ugonjwa ndio huo, na hauna dawa.

Kifuniko kinaingia ndani

Sasa tufike pale ambapo sanamu na kifuniko viliachana.

Mambo matatu yalitokea kwa kufuatana. Kwanza, mshale wa joto ulihamia kwenye dashibodi mwishoni mwa miaka ya 1920, na MotoMeter ikapoteza kazi. Pili, mwanzoni mwa miaka ya 1930 wabunifu walianza kulivika gari sura ya kukata upepo. Rejeta ikarudishwa nyuma ya shoo, boneti ikaongezwa mbele hadi kuifunika, na tundu la maji likabaki chini ya boneti pamoja na kifuniko chake. Tatu, rejeta ikazibwa. Kifuniko cha kisasa kina springi na vali. Hubana mgandamizo hadi kiwango fulani ndipo kiachie. Ile namba ya 0.9 au 1.1 ambayo fundi wa gereji huiangalia kabla ya kukuuzia kifuniko cha Toyota ndiyo kipimo hicho. Kwa kifuniko cha 0.9, maji matupu usawa wa bahari hayachemki hadi yafike karibu nyuzi 118. Mlima haukutishi tena kama zamani, na kifuniko kimegeuka kuwa kitu ambacho hutakiwi kukigusa gari likiwa moto. Kukitengenezea umbo la kuvutia mkono kungekuwa kichaa.

Sanamu ikabaki nje bila tundu. Kampuni hazikutaka kuiacha, kwa hiyo ziliifunga moja kwa moja kwenye boneti. Baadhi ya Mercedes-Benz ziliendelea kubeba nyota juu ya kitako chenye umbo la kifuniko kisichofunguka popote. Katika miaka ya 1950 Wamarekani waliweka ndege za kivita na roketi, ndefu, zimelala. Haya ndiyo mapambo ambayo wengi wetu tumeyaona, hadi kwenye Toyota Crown za zamani. Nayapenda baadhi yake, lakini hayana ukoo na maji. Mtu akikuuzia ndege ya kromu ya 1955 kwa jina la kifuniko cha rejeta, anakuuzia kitu kingine.

Ncha kali na mwili wa mtu

Wengi husema mapambo haya yalipigwa marufuku. Si kweli kwa ujumla wake, na si uongo mtupu.

Uingereza ina kanuni inayogusa gari lolote lililoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1937 au baadaye: pambo lisikae mahali linapoweza kumgonga mtu, isipokuwa kama halina ncha ya kumuumiza. Gari la kabla ya tarehe hiyo liko huru. Baadaye Ulaya iliweka masharti yake juu ya vitu vinavyochomoza nje ya gari, mwaka 1974, na Kanuni Namba 26 ya Umoja wa Mataifa inasema vivyo hivyo: pambo linalochomoza zaidi ya milimita 10 lazima liingie ndani, lichomoke au lilale likisukumwa kwa nguvu ya nyutoni 100, karibu sawa na uzito wa kilo 10. Hakuna aliyezuia sanamu. Kilichozuiwa ni sanamu isiyokubali kusukumwa.

Ndiyo maana nyota ya Mercedes hulala ukiisukuma, ina springi chini. Ndiyo maana mwanamke wa Rolls-Royce, tangu Phantom ya 2003, huzama ndani ya kishimo akiguswa, na dereva anaweza kumzamisha kwa kubonyeza kitufe anapoegesha mahali asipopaamini. Kwenye gari la umeme la Spectre amepunguzwa hadi sentimita 8 na ushei na kuinamishwa zaidi ili asisumbue upepo. Gari hilo halina hata maji ya kuchemka kwa namna ambayo Johnson na Sykes wangeielewa.

Ukipewa ushike mkononi

Kwa anayekutana na vitu hivi sokoni, au kwenye maonyesho ya magari ya kale kama yale ya Nairobi yaliyoanza mwaka 1970, kuna mambo machache yanayosaidia kuliko kusoma majina.

Geuza chini kwanza. Pambo la rejeta la kweli lina dalili za kazi: hesi za kukazia kifuniko, au bolti iliyopita katikati ya kifuniko, pamoja na ukoga wa chokaa upande wa ndani ambako mvuke ulipiga kwa miaka. Kitako kisafi kabisa, chenye tundu jipya la drili, kinauliza maswali.

Pima. Anayeiga sanamu kwa kuichukua ya asili na kutengenezea kalibu hupata nakala ndogo kidogo, kwa sababu chuma kikipoa hunywea, asilimia 1 hadi 2. Kwenye sanamu ya sentimita 15 tofauti ni milimita 2 au 3. Macho hayaioni, kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, inaiona. Nakala pia hupoteza ukali wa mistari: vidole huungana, mikunjo ya nguo huwa laini kama sabuni iliyotumika.

Kwa Lalique, tazama jina. Vioo vilivyotengenezwa akiwa hai vina R mbele ya jina lake. Baada ya kifo chake mwaka 1945 kiwanda kiliiondoa R hiyo. Kwa kuwa kiwanda kiliendelea kutoa baadhi ya miundo ileile, herufi moja hubeba tofauti kubwa sana ya bei, na walaghai wanajua kuchora R. Kuna pia vioo vilivyogeuka zambarau hafifu kwa sababu ya manganizi iliyomo kuathiriwa na jua kwa miaka mingi. Rangi hiyo huonekana kama uthibitisho wa umri, lakini kioo cha kawaida nacho kinaweza kutiwa rangi kwa mionzi, kwa hiyo isikutoshe peke yake.

Na kama una gari lenyewe, tafuta kifuniko cha pili kisicho na kitu. Wapo wenye magari ya thamani wanaofanya hivyo: sanamu hukaa ndani ya kitambaa kwenye kiti cha nyuma, gari hutembea na kifuniko tupu, na sanamu hukazwa wakishafika uwanjani, injini ikiwa imepoa.